Upupu wa Lewisham

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Faridah alisimama kwenye dirisha la sebuleni, ghorofa ya tatu, akawadharau watu. Alianza na mzee wa nyumba ya pili aliyemvalisha mbwa wake koti. Akaja kwa watu wazima waliokuwa wakikimbilia treni huku kahawa ikiwamwagikia mikononi. Akamalizia na wanafunzi wenzake waliopita chini wakiburuta mabegi, na kila mmoja akampatia kasoro yake. Yeye mwenyewe kasoro hakuwa nayo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, aliongoza darasa katika sayansi, na alijua kukunja pembe ya mdomo kwa namna iliyomfanya mtu ajikague kama amevaa shati kinyume.

Tusimwonee. Kudharau nako ni kazi, na Faridah hakuwa mvivu.

"Faridah! Chai inapoa!" Shangazi Mwanasha aliita kutoka jikoni.

"Nimesikia," Faridah alijibu kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa chote, lakini kukisema aliona ni kujishusha.

Shangazi Mwanasha, dada wa baba yake, alikuwa ametoka Malindi kuja kukaa nao Lewisham, mjini London, kwa sababu baba alikuwa safarini na meli yake na mama alikuwa muuguzi wa zamu za usiku hospitalini. Shangazi hakuupenda mji huu. Maji yake yalinuka dawa, samaki wake walikuwa wamekufa zamani, na majirani walipishana naye ngazini kama wamepishana na kabati. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hapa hakuna aliyemwomba ushauri. Kwao alikuwa mtu wa kuulizwa. Basi kila asubuhi alimshika binti wa kaka yake pale mezani na kumjibu maswali ambayo hakuulizwa.

Alimsimulia harusi za kwao na wapiga zumari waliopuliza mpaka mashavu yakavimba. Asubuhi ile aligeukia upupu, yale maganda yenye manyoya yanayowasha mtu mpaka akatamani kujivua ngozi.

"Tulimwagiwa upupu sote, watoto wa mtaa mzima," alisema akimimina chai. "Mjinga mmoja akakimbilia maji. Wallahi, alilia mpaka magharibi! Upupu hautaki maji. Unataka majivu makavu, kisha jua. Unakaa juani mpaka ushindwe wenyewe."

Faridah alikunja pembe ya mdomo. Majivu! Mama yake alikuwa na kabati zima la dawa hospitalini, na huyu bado anatibu watu kwa takataka za jikoni. Alikunywa chai nusu, akaondoka.

Shuleni alikuwa na dharau nyingine iliyomsubiri, na hii ilikuwa kubwa. Mwalimu wa muziki alikuwa amempanga na Raïssa kwa ajili ya Siku ya Tamaduni, ambayo ingefanyika Jumamosi. "Nyinyi wawili mnasema Kiswahili," mwalimu alisema kwa furaha, kama mtu aliyepata soksi mbili zinazofanana.

Kufanana! Raïssa alikuwa amefika mwaka huu kutoka Bukavu pamoja na mama yake, ambaye alisafisha ofisi za watu kabla hawajafika kazini. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo. Pale ambapo kwa kina Faridah mtu angesema "acha", Raïssa alisema "leka". Faridah alilisikia neno hilo siku moja tu, likamtosha. Tangu siku hiyo alimwita Raïssa "Leka", na darasa zima likamfuata, hata wale ambao hawakujua neno lina maana gani. Raïssa alipompigia simu kumwomba aache, Faridah aliizuia namba yake.

"Tuimbe, na mi nitapiga ngoma kwa bidoni," Raïssa alipendekeza wakati wa mapumziko. "Mama ananifundishaka nyimbo mingi."

"Bidoni ni dumu la maji," Faridah alisema. "Tutapuliza zumari."

"Lakini hatuna zumari."

"Nitatengeneza. Wewe utasimama pembeni upulize nitakapokwambia."

Nyuma ya uwanja wa shule kulipita mto mdogo, na kando ya mto kulikuwa na ua wa waya. Upande wa pili wa ua magugu yalikuwa yameota marefu kumpita mtu mzima. Mashina yake yalikuwa manene, ya kijani yenye mabaka ya zambarau na vinyweleo vikali, na maua yake meupe yalitanda juu kama miavuli. Kwenye waya kulining'inia bango: Hatari. Mmea wenye sumu. Usiguse. Faridah alilisoma bango lote, maana alikuwa mtoto wa kusoma. Kisha akalidharau. Aliona wazi kwamba Wazungu hawa wanaogopa hata majani, na kwamba mabango kama hayo huwekwa kwa ajili ya watoto wa chekechea na watu kama Raïssa.

Alhamisi baada ya masomo, jua likiwa kali kuliko siku zote za mwaka ule, alipenya kwenye tundu la ua akiwa na mkasi aliouchukua katika chumba cha sanaa. Shina lilikuwa wazi ndani, kama alivyotaka. Utomvu ulimchuruzikia vidoleni, akaufutia kwenye sketi. Alikata vipande viwili, kimoja chembamba kilichonyooka na kingine kinene kilichopinda, akavitoboa kwa ncha ya bikari. Kile chembamba alikitia mdomoni palepale na kupuliza. Kililia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Faridah alikiona kizuri.

Kile kilichopinda alikitia katika mfuko wa plastiki, akampelekea Raïssa getini.

"Hii yako. Usiipulize kabla ya Jumamosi."

"Juu ya nini? Na mi nataka nizoee."

"Utaiharibu, Leka," Faridah alisema, akaenda zake kwa miguu juani, mikono wazi, akijipongeza.

Jioni mikono ilianza kumwasha. Asubuhi ya Ijumaa mikono ilikuwa imekuwa myekundu, inachoma kama iliyomwagiwa chai, na kwenye pembe ya mdomo, ileile aliyozoea kuikunja, palikuwa na wekundu mwingine. Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu walimu walikuwa na mafunzo. Mama alikuwa amerudi kutoka kazini na kulala, mlango umefungwa. Faridah alivaa fulana ya mikono mirefu, lakini Shangazi Mwanasha alikuwa amelea watoto wengi mno kudanganywa na fulana.

"Lete mikono hiyo. Ai we! Umeshika nini?"

Hapa Faridah angeweza kusema ukweli, na hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini ukweli ulikuwa na ua uliopenywa, mkasi ulioibwa na bango lililosomwa. Mtoto anayeongoza katika sayansi, ashike mmea ulioandikwa usiguse! Aliona aibu, na aibu ikamfanya mwongo. Alilitafuta neno ambalo shangazi asingelihoji.

"Upupu," alisema.

"Huku London kuna upupu?"

"Upo. Nyuma ya shule."

Shangazi Mwanasha alisimama wima. Tangu ashuke kwenye ndege hakuwahi kuonekana mwenye furaha namna ile. Mji huu uliojifanya unajua kila kitu ulikuwa na upupu, na aliyeujua upupu ni yeye! Alikimbilia chetezo chake, akatoa majivu ya udi aliyofukiza jana, akampaka Faridah mikono yote mpaka viwikoni, kisha akamgusia kidogo pembeni mwa mdomo.

"Maji usiyaguse hata tone," aliamuru. "Sasa nenda ukakae barazani juani."

"Shangazi, inachoma."

"Huo ndio upupu unaokufa. Kaa!"

Faridah alikaa kwenye kibaraza chembamba cha ghorofa ya tatu, amepakwa majivu yanayonukia udi, jua likimpiga. Mzee wa nyumba ya pili alipita na mbwa wake, akainua macho, akamtazama kwa muda mrefu. Faridah alitaka kumkunjia mdomo lakini mdomo uliuma. Alimchukia shangazi kwa ujinga wake, na aliendelea kumchukia mchana kutwa. Hakukumbuka kwamba yeye ndiye aliyempa neno la kutibu.

Asubuhi ya Jumamosi aliamka akilia. Malengelenge makubwa yalikuwa yametanda mgongoni mwa mikono yake na kati ya vidole, yamejaa maji, na mdomo ulikuwa umevimba upande mmoja. Mama yake, Bi Zuhura, alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Aliacha mkoba sakafuni.

"Nani amekuunguza?"

"Ni upupu, wifi," Shangazi Mwanasha alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua nguvu. "Nimempaka majivu, nikamweka juani. Kwetu mtu hupona siku hiyohiyo."

Mama alimpeleka Faridah bafuni, akamwosha taratibu kwa sabuni na maji baridi yanayotiririka, akayaondoa majivu bila kuyapasua malengelenge. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alipomaliza alifunga pazia ili jua lisiingie, akaketi mbele yake.

"Upupu hufanya vipele, hauleti malengelenge kama ya maji ya moto. Nitazame. Uligusa nini?"

Faridah alitazama sakafu.

"Nakuuliza kama muuguzi, kabla sijakuuliza kama mama yako. Mgonjwa anayenificha alichogusa nampa dawa ya kubahatisha. Mmea gani?"

"Mrefu," Faridah alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka alimjibu mama yake kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza chake chote cha kujigamba kilikuwa kimemkimbia. "Maua meupe, kama miavuli. Shina lina mabaka. Upo kando ya mto. Nilikata zumari, nikapuliza. Palikuwa na bango."

"Ulilisoma?"

"Nililisoma."

Mama alishusha pumzi. "Wenyeji wanauita gugu kubwa la nguruwe."

"Nguruwe!" Shangazi Mwanasha alipiga kofi mapajani. "Na mtoto kautia mdomoni! Astaghafirullahi!"

"Ni jina tu, wifi, nguruwe mwenyewe hayumo. Utomvu wake ukigusa ngozi, ngozi inapoteza kinga yake dhidi ya jua. Jua ndilo linalounguza. Angeosha palepale kwa sabuni na maji, akajificha na jua siku mbili, pengine yasingefika hapa."

Maji aliyoyakataza Shangazi yalikuwa dawa, na jua aliloliamuru lilikuwa moto. Alimtazama Faridah kwa jicho ambalo Faridah alilifahamu vizuri, maana yeye mwenyewe alilitumia kila asubuhi dirishani.

"Mwongo wee," Shangazi alisema polepole. "Umenifanya nimchome mtoto wa kaka yangu kwa mikono yangu."

Faridah alilia upya. Mama alikuwa tayari anamfunga bandeji aliposimama ghafla.

"Subiri. Umesema uliupuliza. Ulikata kipande kimoja?"

Raïssa! Raïssa na kile kipande kinene kilichopinda, ambacho leo adhuhuri angekitia katikati ya midomo yake na kupuliza, uwanjani, juani, mbele ya watu.

"Mpigie," mama alisema baada ya kuelezwa.

Ilibidi Faridah aifungulie kwanza namba aliyoizuia, huku mama akitazama. Simu iliita mpaka ikakatika. Aliita tena. Raïssa hakuwa na sababu yoyote ya kupokea simu ya mtu aliyemfungia mlango muhula mzima. Ya ofisi ya shule nayo haikupokelewa, kwa kuwa kila mtu alikuwa uwanjani. Mama alimvisha Faridah kofia pana na shati la mikono mirefu, wakakimbilia basi.

Uwanja ulikuwa umejaa. Kulikuwa na meza za sambusa na za keki, ngoma za Ghana zikilia upande mmoja na spika zikilia upande mwingine. Raïssa alikuwa amesimama jukwaani peke yake, kwa kuwa mwenzake hakufika. Zumari lile baya lilikuwa limevalishwa. Mama yake alikuwa amelishonea kitenge cha rangi ya chungwa juu ya mfuko wake, kwa mshono mdogomdogo wa mtu mwenye subira, mdomo tu ndio uliobaki wazi. Faridah alikiona kitenge kile. Yeye alitoa takataka, na wale wameipokea kama zawadi.

"Usipulize!" alipaza sauti kwa Kiingereza. "Raïssa, ni sumu!"

Kelele zilimeza sauti yake. Raïssa alimwona tu, amechelewa, amevaa kofia kubwa, anapunga mikono kama kawaida yake ya kumwamuru. Akainua kidevu. Leo hakuwa tayari kuamriwa. Aliinua zumari kuelekea mdomoni.

"Leka!" Faridah alipiga yowe. "Raïssa, leka! Leka kupuliza, itakuunguza!"

Neno hilo lilipasua kelele zote likamfikia mwenyewe. Wanafunzi wa mbele walicheka, wakidhani ni lile jina. Raïssa hakucheka. Kwa mara ya kwanza alikuwa amelisikia likitoka kinywani mwa Faridah kama neno lenye maana yake, likisemwa na mtu anayeogopa. Alisita, zumari likiwa karibu na midomo. Faridah alifika chini ya jukwaa, akaifungua bandeji kwa meno na kuinua mkono ili Raïssa auone. Watu wote waliuona. Mtu mmoja alitoa mguno wa kuchukizwa, na watoto kadhaa wakarudi nyuma wakikunja midomo.

Raïssa aliliweka zumari sakafuni taratibu.

"Funika mkono huo sasa hivi!" mama alisema, akimtupia mtandio wake. Kisha akapanda jukwaani, akalichukua zumari kwa mfuko mwingine na kulifunga, akamwagiza Raïssa na mama yake wanawe kwa sabuni na maji mengi hata kama hawahisi lolote. Kitenge kilioshwa peke yake. Mwalimu aliandika bango jingine kama lile la ule ua na kwenda kulining'iniza getini, mahali ambapo hata wasomi wangeliona.

Baadaye, kwenye kivuli cha ukumbi, Raïssa alisimama mbele ya Faridah.

"Siku ile ulinikataza nisipulize, juu ningeiharibu," alisema. "Kama ungeniheshimu kidogo, ungeniacha nizoee, na ningekuwa nimeshaungua."

Faridah alifungua mdomo. Kwa sekunde moja aliona njia ya kutokea, kwamba labda alikuwa amemlinda mwenzake bila kujua.

"Usithubutu," mama alimwahi. "Hiyo ilikuwa bahati yake. Wewe hukuchangia kitu."

"Nisamehe," Faridah alisema kwa Kiswahili. "Sitakuita tena vile."

Raïssa alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu, bila haraka, kama anayepima nyama sokoni. "Tutaona," alisema. Akaenda kupiga bidoni, na uwanja mzima ukampigia makofi.

Hospitalini daktari alimpa Faridah dawa ya kupaka na onyo la kutopasua malengelenge. Ngozi, alisema, ingeweza kubaki na madoa na kuogopa jua kwa miezi mingi. Basi majira yote ya joto, watoto wengine walipokuwa wakiogelea, Faridah alitembea na glavu nyeupe za pamba na mafuta ya kuzuia jua usoni. Watu walimkodolea macho. Mzee wa nyumba ya pili alimnong'oneza mbwa wake, na mbwa, akiwa ndani ya koti lake, naye akamtazama.

Asubuhi moja mwezi wa Agosti Faridah alikuwa dirishani, Shangazi akichambua mchele na mama akimpaka dawa mikononi. Raïssa alipita chini akienda sokoni na mama yake, wamebeba mfuko mmoja, kila mtu na mpini wake. Faridah aligonga kioo. Raïssa aliinua kichwa, akafikiri kidogo, akainua mkono.

"Mama," Faridah aliuliza, "nimesoma kuna mmea wa Amerika unaowasha, wenye majani matatu matatu, nao unatibiwa hivi?"

"Ule hauhitaji jua, huwasha hata kivulini. Lakini mwanzo ni uleule: unajiosha mara moja kwa sabuni na maji, unafua nguo ulizovaa, na unamwambia anayekutibu ulichogusa. Usichokijua usikiguse, na kilichoandikwa usiguse, usidhani kimeandikiwa wengine." Mama alifunika kopo la dawa. "Gugu lile halikukufuata, Faridah. Wewe ulilifuata kwa dharau, ukalificha kwa uwongo. Dharau ilikutoa malengelenge. Uwongo ndio uliokuweka juani."

"Na majivu yangu," Shangazi Mwanasha alisema bila kuinua macho kwenye mchele, "kwa upupu wa kweli bado ni dawa."

Faridah hakukunja mdomo. Aliketi karibu naye, akavuta sinia upande wake, na kwa vidole vyenye madoa akaanza kuchambua mchele.